Kisa cha Mtaa katika Muziki wa Kiklasiki: Taarabu ya Siti binti Saad

Wanapoieleza taarabu kuwa ndiyo muziki wa kiklasiki wa Waswahili, wahakiki wengi huanzia katika jumba la Sultani. Husimulia jinsi Barghash bin Said, aliyetawala Unguja toka 1870 hadi 1888, alivyovutwa na muziki wa Misri, na jinsi Mohamed Ibrahim alivyopelekwa Kairo ajifunze kupiga kanuni. Kisha hutaja kuundwa kwa chama cha Ikhwani Safaa mwaka 1905. Historia hiyo ni ya lazima, lakini yaeleza asili ya ala kuliko inavyoeleza hadhi ya sanaa yenyewe. Udi, fidla na kanuni vyaweza kuvuka bahari pamoja na mahadhi yake, na bado muziki ukabaki kuwa pambo la wakubwa.

Hadhi hiyo yapasa kutafutwa mahali pengine, nako ni katika kazi ya Siti binti Saad, aliyefariki mwaka 1950. Siti alizaliwa Fumba, katika ukoo uliotoka utumwani, na kabla ya kuhamia mjini alikuwa akichuuza vyungu. Shaaban Robert aliyaandika maisha yake katika Wasifu wa Siti binti Saad, kitabu kilichomweka mwimbaji huyo miongoni mwa watu wanaostahili kuwa mfano. Pamoja na wenzake, akina Mbaruk mpiga fidla na Subeti mpiga udi, Siti aliimba kwa Kiswahili nyimbo za aina ambayo kwanza ilikuwa ikiimbwa kwa Kiarabu. Mwaka 1928 sauti yake ilinaswa katika sahani za santuri huko Bombay, na sahani hizo zikaenea pwani nzima.

Kubadili lugha peke yake kusingetosha. Jambo kubwa zaidi ni kwamba pamoja na lugha yaliingia mambo ya mtaani: mapenzi, deni, rushwa, ulevi na kesi za mahakamani. Mfano mashuhuri ni wimbo wa Kijiti. Kisa chake ni cha kweli, cha miaka ya baina ya vita vikuu viwili vya dunia. Mwanamke mgeni aliuawa. Mshitakiwa akavuka bahari na kukimbilia bara. Na waliofika mbele ya jaji kutoa ushahidi ndio walioadhibiwa.

Baadhi ya wanahistoria wameuchukua wimbo huo kama hati, wakitafuta ndani yake habari za mahakama za kikoloni na maisha ya wanawake wa Ng'ambo. Hawakukosea, ila wamesoma nusu. Wasikilizaji wa kwanza hawakuhitaji kupewa habari, kwa kuwa kisa walikijua. Walichokosa ni hukumu ya haki, na hiyo ndiyo waliyoipata katika wimbo. Wimbo huo ulikuwa baraza la pili, lililoketi baada ya baraza la jaji kushindwa kutenda haki.

Dalili ya kwanza ya hukumu hiyo ni neno mgeni. Katika mila za pwani mgeni ni amana: hupokewa, hulishwa, husindikizwa. Marehemu anapoitwa kwa neno hilo, kosa la Kijiti haliwi tena uhalifu wa mtu mmoja dhidi ya mwingine; linakuwa kuvunjwa kwa amana ya mji mzima. Dalili ya pili ni kutajwa kwa majina. Desturi ya taarabu ni kufumba, ili anayesemwa ajijue na jirani asipate ushahidi. Hapa fumbo limewekwa kando. Fumbo hustahi watu wanaopaswa kuendelea kuishi pamoja. Lakini pale ambapo dhuluma imetendwa hadharani na mkosaji ametoroka, kufumba kungekuwa kumsitiri.

Hata hivyo ghadhabu hiyo haikuachwa itoke ovyo. Imefungwa katika mishororo ya mizani kumi na sita, vipande viwili vya nane nane, yenye vina vya kati na vya mwisho. Juu ya hayo kuna muziki. Mwimbaji huvuta irabu, na ala huingia baina ya beti na kumpa msikilizaji nafasi ya kulipima lililosemwa kabla ya kuletewa jingine. Tukio lenye damu linapita katika kanuni tulivu, nao utulivu huo unalifanya liwe zito zaidi. Hapo ndipo ulipo uklasiki wa taarabu: katika nidhamu iliyoweza kulibeba jambo la siku moja likadumu. Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013, aliuimba wimbo huo mbele ya watu ambao wengi wao hawakuwa wamezaliwa Kijiti alipotoroka, nao waliuelewa.

Kutokana na hayo, ufundishaji wa nyimbo hizi vyuoni una kasoro isiyo ndogo. Maneno huchapwa kama shairi la kusomwa kimya, yakahesabiwa mizani na kutajwa tamathali, huku mahadhi yakiachiwa idara ya muziki; nayo idara ya muziki huchambua mahadhi bila kujali neno mgeni lina uzito gani. Kila upande hubaki na kipande ambacho peke yake hakielezi kwa nini wimbo umeishi. Sahani za santuri zipo, na waimbaji waliopokea kutoka kwa waliotangulia bado wapo, ingawa wanapungua. Mhakiki wa fasihi anayeuchambua wimbo wa Siti bila kuusikia ukiimbwa anatoa hukumu bila kumsikiliza shahidi. Na kosa la namna hiyo ndilo wimbo wa Kijiti ulilotungwa kulilaumu.