Rezista Mwisho wa Waya

Nyumba inayojengwa ina majuma machache tu ambayo fundi wa alamu hufanya kazi kwa raha: kuta zimesimama, bati limeshapigwa, plasta bado. Siku hizo anapita na chaki akitia alama kwenye matofali. Hapa mlango wa jikoni, hapa dirisha la choo ambalo watu husahau kwamba mtoto mwembamba anapita, hapa kona ambayo sensa itatazama sebule nzima. Fundi umeme naye yumo ndani, na lazima wasikilizane, maana waya wa alamu ukilazwa bomba moja na waya wa volti 230 utaokota vurugu zake, na king'ora kitalia saa tisa usiku kwa mwizi ambaye hayupo.

Mwenye nyumba huja na swali lake: tufunge ya waya au isiyo na waya? Muuza duka atamjibu kwa bei. Fundi aliyeiva anauliza kwanza kuta zake ni za nini, na ujenzi umefikia wapi. Plasta ikiwa bado, mimi niko upande wa waya bila kusita, na sababu yangu ni kile kinachofanyika katika ncha ya mwisho ya ule waya, mahali ambapo mwenye nyumba hataangalia kamwe.

Alamu ya umeme ina umri mkubwa. Augustus Pope wa Massachusetts, Marekani, alipata hataza yake mwaka 1853, kisha Edwin Holmes akainunua na kuifanya biashara mjini Boston. Katika mpango wa Pope, mlango ukifunguliwa ndipo mkondo wa umeme unapoungana na kengele kulia. Udhaifu wake uko wazi: ukate waya, kengele inakuwa bubu. Mafundi wa baadaye wakageuza jambo lile. Umeme kidogo unapita muda wote, na unapokatika, kwa mlango kufunguliwa au kwa kisu, king'ora kinalia.

Kinachoushikilia umeme huo mlangoni ni kidude cha kupendeza mno. Ndani ya kichupa cha kioo, chembamba kama njiti ya kiberiti, mna vipande viwili vya chuma vinavyokaribia kugusana. Walter Ellwood alikibuni mwaka 1936 katika maabara za Bell. Sumaku iliyo kwenye mlango ikisogea karibu, vipande vinashikana. Mlango ukifunguka, vinaachana. Hakuna kinachosuguana na hewa ya chumvi haiingii, ndiyo maana swichi hiyo inavumilia pwani yetu kuliko bawaba za mlango wenyewe.

Lakini mwizi naye ana akili. Badala ya kukata waya, anaweza kumenya nyuzi mbili na kuziunganisha, na paneli ikadhani mlango bado umefungwa. Dawa yake ni rezista, kijiti kidogo kama punje ya mchele, chenye mistari ya rangi. Ile ya njano, zambarau na nyekundu ni omu 4,700, na paneli nyingi hutumia hiyo au iliyo karibu nayo. Paneli inapima ukinzani wa waya bila kupumzika. Ikiona thamani ya rezista, kuna amani. Isipoona mkondo, kuna kitu kimefunguka au kimekatwa. Ikikuta njia nyeupe isiyo na ukinzani, mtu amezichezea nyuzi.

Haya yote yanategemea rezista kuwa kule mwisho, ndani ya swichi ya mlango au ndani ya sensa. Kuifunga huko ni usumbufu: fundi yuko juu ya ngazi, shingo imepinda, anachoma risasi kwenye nyuzi nyembamba kisha anavisha kila kiungo mpira wake. Ni rahisi zaidi kuziweka zote ndani ya sanduku la paneli, amekaa kwenye kiti. Siku ya makabidhiano, nyumba zilizofungwa kwa njia hizo mbili zinajaribiwa na kulia sawasawa. Katika ile ya pili, waya wote uliopita ukutani hauna mlinzi. Anayepanda ngazi mara ishirini kwa ajili ya jambo ambalo hakuna atakayemsifia, huyo ndiye ninayemvulia kofia.

Ufundi huo huo uko kwenye kuchagua kona. Sensa ya mwendo inafuata joto linalohama, na inamnasa vizuri zaidi anayekatiza mbele yake kuliko anayeijia moja kwa moja. Kwa hiyo fundi haielekezi mlangoni. Anaiweka ubavuni, takriban mita 2.2 kutoka sakafuni. Haiangalii dirisha la magharibi. Dar es Salaam mwezi wa Februari, sebule iliyofungwa inakaribia joto la ngozi ya mtu, na sensa ya bei ya chini inashindwa kumtofautisha na ukuta. Halafu kuna mjusi kafiri. Akipita juu ya lenzi, kwa sensa huyo ni jitu. Fundi anayemjua anaziba kwa silikoni tundu la waya nyuma ya kila sensa, kwa maana ndimo mjusi anamoingia kutafuta wadudu na joto.

Sasa mpeleke fundi huyo huyo Mji Mkongwe, Zanzibar. Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, milango imenakshiwa, na mji wenyewe umo kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 2000. Kuchimbia waya hapo ni uharibifu. Ataweka zisizo na waya, na uvumilivu wake unahamia kwingine. Kuta hizo nene zinameza mawimbi ya redio, na dari ya zege yenye nondo, ikiwepo, inayameza zaidi. Basi hatoboi kitu mwanzoni. Anabandika kila sensa kwa utepe, anafunga milango yote, anarudi kwenye paneli kusoma nguvu ya mawimbi, anasogeza sensa shibiri moja, anarudi tena. Anachagua mfumo ambao sensa zake hujitangaza kila baada ya muda, ili iliyonyamaza ijulikane. Anaandika ndani ya kifuniko mwezi na mwaka wa kila betri ya lithiamu. Mwenye nyumba asipozibadilisha kwa wakati, atabaki na plastiki nyeupe ukutani.

Mfumo wa waya kwa kawaida unadai betri moja tu, ile ya volti 12 ndani ya sanduku, na umeme wetu unavyokatika, hiyo ndiyo roho ya kazi. Siku ya kukabidhi, fundi anazima swichi kuu ya nyumba, anaacha paneli iendeshwe na betri, kisha anatembea chumba hadi chumba akifungua kila dirisha, na mwenye nyumba akitia tiki kwenye karatasi. Dirisha la choo linakuwa la kwanza.