Tohara ya Moyo: Neno Moja la Biblia ya Kiswahili

Wanaoihakiki Biblia ya Kiswahili aghalabu hushughulika na lahaja na sarufi yake. Hapa tutalitazama neno moja tu, 'tohara', kama lilivyotumiwa katika Union Version, tafsiri iliyotoka kamili mwaka 1952 ikachukua mahali pa zile za Unguja na Mombasa.

Katika sura ya pili ya Waraka kwa Warumi, Paulo ampambanua Myahudi wa nje na Myahudi wa ndani, kisha aihamisha tohara kutoka mwilini hadi moyoni. Neno lake la Kiyunani ni peritome, yaani kukata kwa kuzungusha. Kwa asili yake halina maana ya usafi. Neno letu limetoka katika Kiarabu, na asili yake ndiyo usafi wenyewe. Maana ya kukata imeletwa na desturi. Hata leo Mwislamu wa pwani husema ana twahara, wala hakuna anayefikiri habari za kisu. Basi msomaji wa Lamu au Mvita huipokea hoja ya Paulo ikiwa nzito kuliko ilivyoandikwa. Kwa Myunani, alama ya agano imehamia moyoni. Kwa Mswahili, usafi ndio uliohama, na aliyekatwa na kuoga huenda bado hana twahara.

Yawezekana mtu akasema kwamba mfasiri hana idhini ya kuongeza. Ni kweli, lakini angalieni neno jingine lililokuwapo, 'jando'. Jando la moyo lingetupa mafunzo, uvumilivu na utu uzima (jambo zuri, na pengine mhubiri fulani amekwisha kulihubiri), ila lingetupotezea usafi. Na usafi ndio hasa unaobishaniwa na Yesu na Mafarisayo katika Marko 7, habari za mikono isiyonawiwa, na katika Mathayo 23, habari za kikombe kilichosafishwa nje tu. 'Tohara' yauunganisha Waraka na Injili kwa uzi ambao Kiyunani chenyewe hakikuufuma. Kwa maoni yetu hiyo ni faida, wafasiri wawe waliikusudia au hawakuikusudia.

Hasara iko kwingine, nayo haisemwi sana. Mikono ile ya wanafunzi katika Marko 7 imeitwa 'najisi'. Kiyunani chasema koinos, neno ambalo maana yake ya kwanza ni kitu cha watu wote. Neno hilo hilo limo katika sura ya pili ya Matendo ya Mitume, pale waumini walipokuwa na mali kwa pamoja, na huko wafasiri wameandika 'shirika'. Kwa hiyo, kwa msomaji wa Kiyunani, mikono iliyolaumiwa ilikuwa mikono ya kila mtu, na kosa lake lilikuwa kutotengwa na umati. Alipokataa lawama hiyo, Yesu hakutetea moyo dhidi ya maji peke yake. Aliubomoa pia ukuta uliowatenga wenye kunawa na wasionawa. 'Najisi', neno la sheria ya uchafu, limeuficha ukuta huo, na msomaji wetu abaki akidhani kwamba shauri zima lilihusu usafi wa mtu mmoja mmoja na Mungu wake.

Atakayeisahihisha tafsiri hii aanze na mikono hiyo, na tohara aiache ilivyo.