Mpira wa Pipeti Ulikuwa Mezani

Mliotazama onyesho la upimaji wa kaboni ya udongo wiki iliyopita mnajua nazungumzia dakika gani. Flaski ya kwanza iko mezani, gramu moja ya udongo uliochekechwa imeshaingia, chupa ya dikromati ya potasiamu imefunguliwa. Mtaalamu anachukua pipeti ya mililita 10. Anausogeza pembeni mpira mwekundu wa kuvutia uliokuwa karibu na mkono wake wa kushoto, anasema mpira unachelewesha, kisha anaitia pipeti mdomoni na kunyonya.

Nilisimamisha picha hapo, nikairudisha nyuma mara tatu kwa kutumaini kwamba macho yamenidanganya. Mashavu yanabonyea, maji ya rangi ya chungwa yanapanda ndani ya kioo, yanapita alama kwa upana wa vidole viwili, ndipo anatoa midomo na kuziba kwa kidole cha shahada. Hakuna tone lililofika kinywani. Bahati hiyo ndiyo itakayotumika kumtetea, na mimi siikubali. Kosa lilikamilika pale alipouweka mpira kando.

Twende na hesabu. Njia ya Walkley na Black, tangu walipoichapisha mwaka 1934, inataka dikromati ya nomali 1, yaani gramu 49.04 kwa lita. Mililita 10 alizovuta zilibeba karibu nusu gramu ya chumvi ile, na katika nusu gramu hiyo kulikuwa na miligramu 173 hivi za kromiamu-sita. Sasa linganisha na kisa kilichoandikwa katika jarida la madaktari wa watoto la Marekani mwaka 1970. Mvulana wa miaka 14 alimeza dikromati ya potasiamu, kiasi cha miligramu 7.5 za kromiamu kwa kila kilo ya mwili wake. Alifariki siku nane baada ya kulazwa. Kwa kijana wa kilo 50, kipimo hicho ni pipeti mbili na kidogo za mtaalamu wetu.

Asije mtu akaniambia kwamba pipeti moja haifiki huko. Hata funda dogo linaunguza kinywa na umio, linaleta matapishi ya damu, na siku zinazofuata figo na ini ndivyo vinavyolipa. Kinachofanya kromiamu-sita iwe hatari hivi ni umbo lake. Kromati inafanana na salfeti, na chembe hai za mwili zina milango ya kuingizia salfeti kwa sababu zinaihitaji. Mlango unafunguliwa, mgeni anaingia. Akishaingia, mwili wenyewe unaanza kumshusha kutoka sita kuelekea tatu, na katika kushuka huko anaharibu DNA na kubaki ameng'ang'ania humo. Kromiamu-tatu ikiwa nje ya chembe hupita mlango huo kwa shida sana. Ndiyo maana flaski ikishageuka kijani mwisho wa taitresheni tunapumua, na ikiwa bado ya chungwa hatupaswi kuisogeza karibu na uso.

Kila aliyewahi kunyonya pipeti anajua pia ajali yenyewe inavyotokea. Ncha ikitoka kwenye maji wakati bado unavuta, hewa inaingia kwa nguvu na mzigo wote unaruka juu kabla ulimi haujajua. Angalieni tena picha: chupa yake ilikuwa imebaki robo, na aliiinamisha kwa mkono mmoja ili ncha iyafikie maji. Hapo palikuwa na nafasi ya kosa isiyozidi upana wa kidole.

Halafu ile sababu ya muda. Kazi ya siku ile ilikuwa flaski nane za udongo na blanki mbili, jumla mara kumi za kuvuta. Tuseme mpira unaongeza sekunde 20 kila mara. Ni dakika tatu na sekunde chache. Njia yenyewe inakulazimisha kusubiri nusu saa nzima baada ya kutia asidi ya salfuriki, ukiwa huna la kufanya isipokuwa kutazama saa. Mtu mwenye nusu saa ya kukaa bure hawezi kusema amenyonya dikromati ili aokoe dakika tatu. Alinyonya kwa sababu ndivyo alivyozoea, na mazoea yale nayajua, maana hata mimi shuleni nilifundishwa kunyonya. Tulinyonya asidi ya nomali 0.1, tukakunja uso kwa uchachu, tukasonga mbele. Tabia ya kidato cha nne ikasafiri na mtu hadi kwenye sumu.

Kwa haki yake niseme: uzani, mililita 20 za asidi zilizomiminwa kwa haraka ndani ya kabati la kuvutia moshi, fosforiki, difenilamini, na kijani kilichopatikana kwa tone moja, vyote vilikuwa safi.

Wasomaji wa siku nyingi watajua nitakwenda wapi sasa. Alipofika kwenye hesabu ya mwisho alizidisha kwa 1.3 bila kusema namba hiyo inatoka wapi. Inatoka kwenye makadirio kwamba njia hii hukamata asilimia 77 hivi ya kaboni iliyomo, na makadirio hayo hubadilika udongo ukibadilika. Nimelisema hilo hapa mara nyingi, na nitaendelea kulisema. Kuna pia ile beseni ya kuoshea vyombo, dikromati ndani ya asidi kali, niliyoiona nyuma yake kwenye rafu. Nimepigana na beseni hiyo miaka yote. Kioo hushika kromiamu na kuiachia polepole, kwa hiyo mnaosha chombo kwa sumu ili kiwe safi, kisha mnakitumia kupimia kromiamu. Sabuni na maji ya moto vinatosha kwa kazi nyingi.

Ila mtu asidhani naichukia dikromati. Naipenda. Inapatikana ikiwa safi kiasi kwamba unaikausha, unaipima kwenye mzani, unaiyeyusha, na tayari unajua nguvu ya maji yako bila kuyapima kwa kitu kingine. Inakaa chupani muda mrefu bila kubadilika, tofauti na pamanganeti. Wanaotaka ipigwe marufuku kila mahali sisemi nao leo. Chumvi nzuri kama hii inataka mikono inayojua ni kitu gani imeshika.

Mikono hiyo niliiona nilipoanza kazi. Mzee wetu wa maabara hakuwa na mpira wa pipeti hata mmoja, maana ilikuwa haijaletwa. Alichukua bureti ya pili, akaizungushia utepe mwekundu shingoni, akaijaza dikromati kwa faneli, na kila flaski ikapewa mililita 10 kwa kufungua koki. Hakuna mdomo uliokaribia. Ukimsogelea na pipeti alikuwa anakunyang'anya bila neno. Alitujulisha pia jambo ambalo wengi hawalifikirii: hata usiponyonya hadi kinywani, ile shingo ya pipeti hulala kwenye meza ambayo jana ilimwagikiwa, na leo unaiweka kati ya midomo. Daktari William Cumin wa Glasgow alieleza vidonda vya kromiamu kwenye ngozi za wafanyakazi mwaka 1827. Ngozi ikishaikataa kromiamu huwa inaikataa moja kwa moja, na fundi wa namna hiyo hata saruji humsumbua. Wanaovuta vumbi lake kazini kwa miaka hupata saratani ya mapafu, na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliiweka kromiamu-sita katika kundi la kwanza mwaka 1990.

Ningependa mtaalamu wetu amsome Karen Wetterhahn wa chuo cha Dartmouth, Marekani. Maelezo ya mlango wa salfeti niliyoyatoa hapo juu yamejengwa juu ya kazi yake ya miaka ya themanini. Mwaka 1996 matone machache ya zebaki ya dimethili yaliangukia glavu yake. Alikuwa amevaa glavu, alikuwa kwenye kabati la moshi, alifuata alichofundishwa. Glavu zile za mpira mwembamba hazikuzuia kitu. Wenzake walipozipima baadaye walikuta zebaki hiyo inapenya kwa sekunde. Alifariki Juni 1997 akiwa na miaka 48. Mwanasayansi aliyeijua sumu kuliko wengi wetu, na aliyechukua kila tahadhari iliyojulikana, alipotea kwa kitu ambacho hakuna aliyekuwa amekipima. Sisi hatari yetu imepimwa, imeandikwa ubavuni mwa chupa, na kinga yake ilikuwa mezani, nyekundu, bei yake ndogo.

Nimeacha jambo moja makusudi. Dakika nne baada ya tukio lile, msichana aliyekaa mstari wa mbele aliitwa kujaza flaski ya pili. Alisita. Alitazama mpira, akautazama uso wa mwalimu wake, kisha akatia pipeti mdomoni. Mpira haukuguswa mpaka onyesho likaisha. Yule binti alijua. Macho yake yalikwenda mahali sahihi, na aliacha alichokijua kwa sababu mkubwa wake alikuwa ameshaonyesha njia.

Kwa hiyo sitosheki na maandishi ya onyo chini ya picha. Namwomba mtaalamu airekodi sehemu ile upya, kwa mkono wake mwenyewe, aseme mbele ya darasa lile lile kwamba alikosea, kisha aufungue mpira, aubane, auweke juu ya pipeti, na kabla hajavuta chochote amkabidhi binti yule aanze yeye.