Litricha ya Kidato cha Sita: Nondo Sita na Mtu Asiye na Jina

Ndugu zangu wa kalamu, wengi wetu tunaoandika katika kurasa hizi tumepita mlango mmoja. Ni kombi ya HKL, au HGL kwa wale waliokikimbia Kiswahili, na ndani yake lile somo la Kiingereza la kidato cha tano na sita ambalo sote tulikuwa tukiliita Litricha, hata siku ambazo mwalimu anafundisha sarufi tupu. Nimewasoma humu kwa muda sasa, hadithi zenu na tahakiki zenu, na mara nyingi nasikia sauti ya chumba cha mtihani ikipenya. Ndiyo maana leo nataka kulihakiki darasa lenyewe. Vitabu vyake vimehakikiwa mpaka vimechoka.

Tuanze na kile tulichodaiwa. Kizazi changu kilisoma miaka saba ya msingi kwa Kiswahili, kikavushwa sekondari na kukuta kila somo limegeuka Kiingereza isipokuwa Kiswahili chenyewe. Miaka minne baadaye, ukibahatika kufaulu, unakabidhiwa Ayi Kwei Armah. Armah, jamani! Mtu ambaye sentensi yake inateremka taratibu kama maji ya mfereji wa uswahilini, na harufu yake juu. Ni dai kubwa hilo, wala silipingi. Mimi napenda kudaiwa makubwa. Ugomvi wangu ni kwamba baada ya kumtwisha mwanafunzi gunia zito namna ile, darasa linamgeukia na kumwomba kiganja kimoja tu cha pumba.

Pumba zenyewe tulikuwa tunaziita nondo, nondo sita. Swali la mtihani huja na vitabu viwili: onyesha, kwa kutumia riwaya mbili ulizosoma, jinsi waandishi walivyofichua rushwa. Basi unaanza na utangulizi, nondo tatu za kitabu cha kwanza, tatu za kitabu cha pili, hitimisho. Kila nondo ina ngazi zake: taja thimu, ieleze, toa mfano, kisha rudi nyumbani useme kwamba hata katika jamii yetu mambo haya yapo. Mwishoni unaandika kwamba waandishi wamefanikiwa. Siku zote wamefanikiwa. Miaka yote miwili ya kupiga msuli sikuona hata mwandishi mmoja aliyefeli, waliofeli walikuwa sisi.

Vitabu viwili vilivyopendwa kuoanishwa hivi ni *A Man of the People* cha Chinua Achebe na *The Beautyful Ones Are Not Yet Born* cha Armah. Kweli, kwa mbali vinafanana kama mapacha. Kimoja ni cha mwaka 1966 na kingine cha 1968. Kimoja cha Naijeria, kingine cha Ghana. Vyote vina mheshimiwa mnene anayekula nchi, na vyote vinamalizika kwa jeshi kuchukua serikali. Mwalimu anachora mstari katikati ya ubao, Nanga huku, Koomson kule, kazi imekwisha. Wewe unanakili.

Haya, tumchukue Odili, yule anayetusimulia *A Man of the People*. Katika madesa yote niliyowahi kushika, Odili ni kijana msomi, mwanamapinduzi, mpinga rushwa. Ni kweli anakataa hongo ya Chifu Nanga, hilo hatumnyang'anyi. Lakini soma kitabu chenyewe uone vita vyake vilianza siku gani. Odili amekaa nyumbani kwa waziri, anakula chakula cha waziri, na maisha yale yanamnogea. Hasira ya kisiasa inampanda usiku ambao Nanga anamchukulia Elsie wake. Ndipo nchi inapoanza kuwa na matatizo! Na mwishoni kabisa, anapotaka kumwoa Edna na kuna mahari ya Nanga ya kurudisha, Odili anapiga hesabu ya kuchukua fedha za chama zilizobaki mikononi mwake. Anasema atazikopa. Anasema hivyo hivyo tu, kwa utulivu, kama mtu anayeazima kiberiti.

Achebe hakuweka jambo hilo pale kwa bahati mbaya. Kitabu kizima anakisimulia Odili mwenyewe, na kazi ya msomaji ni kumsikiliza kwa sikio la mahakama: huyu bwana ananiambia nini, na ananificha nini? Darasani hilo lilikuwa mstari mmoja chini ya kichwa cha fani: mwandishi ametumia nafsi ya kwanza. Nukta. Mtu akikuambia tu kwamba nyumba ina mlango, bado hujaingia ndani.

Nakuja kwa Armah, kwa sababu hapo ndipo pananiuma zaidi.

Mhusika wake mkuu hana jina. Ni karani wa reli, ana mke na watoto, na kitabu kizima anaitwa mtu tu. Darasani kwetu msichana mmoja, mkimya sana, alinyoosha mkono akauliza: mbona huyu hapewi jina, na Koomson kapewa? Mwalimu alifikiri kidogo, akasema, "Hiyo haitoki." Maana yake haiji kwenye pepa. Yule dada akaketi, na sikumsikia akiuliza tena mpaka tunamaliza.

Sitaki kumsulubu mwalimu. Tulikuwa wanafunzi 60 na ushei, nakala za kitabu 4, moja haina ukurasa wa kwanza hadi wa kumi na kitu. Alikuwa na vipindi vya kidato cha tatu vinamngoja, na wazazi wanahesabu daraja la kwanza. Vijitabu vya maswali na majibu vilikuwa vinauzwa barabarani kwa bei ya sahani ya chipsi, na ndani yake nondo zimeshapangwa. Mtu mwenye akili timamu atafanya nini? Atanunua. Wapo waliopata alama ya juu kabisa katika Litricha bila kukifungua kitabu cha Armah hata siku moja, na siwalaumu. Walifanya walichodaiwa, na kusoma kitabu hakukuwamo.

Lakini swali la yule dada lilikuwa swali la kihakiki kuliko yote tuliyowahi kuulizwa, na tena lina historia. Achebe mwenyewe, huyu tunayemwoanisha na Armah kwenye esei, alikisema vikali kitabu cha Armah. Katika insha iliyomo kwenye kitabu chake *Morning Yet on Creation Day* cha 1975 anakiita kitabu kigonjwa, na miongoni mwa yanayomkera ni huyo mtu asiye na jina, na Ghana ambayo yeye Achebe haitambui kuwa ni Ghana. Unaona? Waandishi wawili wakubwa wa bara hili wanatofautiana kabisa juu ya namna ya kuandika ubovu wa serikali zetu: uuandike ukimcheka mwizi, ukimpa jina na kiingereza chake cha mtaani, au uuandike kwa mafusho na kinyesi mpaka msomaji azibe pua? Sisi tukapewa vitabu vyao ili tuonyeshe jinsi wote wawili wanavyosema kitu kimoja.

Na kuna jambo jingine ambalo hatukuambiwa, nami nililijua baadaye sana. Armah alifundisha hapa hapa Dar es Salaam, chuo cha ualimu cha Chang'ombe, miaka ya sabini. Chang'ombe hii! Amekuwa pia mmoja wa waandishi waliopigia debe Kiswahili kiwe lugha ya Afrika nzima. Mtoto wa Temeke anamkariri kama mtu wa mwezini, kumbe alikuwa jirani.

Mkazi wa jiji hili, kwa kweli, ndiye msomaji anayekifaa kitabu hiki. Kinaanza ndani ya basi, alfajiri, konda ananusa noti. Kinaishia kwenye basi pia. Jeshi limeshapindua serikali, watu wanasema mambo yamebadilika, na yule bwana anasimama kando ya njia kwenye kizuizi cha polisi. Dereva anatoa leseni, ndani yake kuna noti. Askari anaichukua. Basi linaruhusiwa, linapita, na nyuma yake kuna maandishi yaliyozunguka ua moja: jina la kitabu, na herufi 'y' pale ambapo kamusi ingeweka 'i'. Tulikaririshwa kwamba ni kwa 'y', na kwamba ukikosea hapo umejinyima alama. Hatukuambiwa kwamba ile 'y' ni ya fundi rangi wa mabasi, ndugu wa hawa wanaotuandikia daladala zetu.

Madesa yanasema jina la kitabu ni tumaini: wema bado hawajazaliwa, lakini watazaliwa. Inawezekana. Lakini maandishi hayo ya tumaini yamechorwa kwenye basi ambalo limetoka kutoa rushwa sekunde hiyo hiyo, na lisingetoa, lisingepita, na yule bwana asingeyasoma. Hapo mimi hukaa kimya kila ninapofika. Sijui kama ni tumaini au ni dhihaka, na nadhani Armah alitaka nisijue. Nondo ya namna hiyo utaiweka namba ngapi?

Upande wa tamthiliya nitapita haraka. *I Will Marry When I Want* tuliifundishwa kama kazi ya Kiingereza, na fani yake ilisemwa kuwa lugha nyepesi. Tamthiliya ile iliandikwa kwa Kikikuyu na Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, ikachezwa na wanakijiji wa Kamĩrĩĩthũ mwaka 1977, serikali ya Kenya ikaipiga marufuku, na kabla mwaka haujaisha Ngũgĩ wa Thiong'o yuko kizuizini. Lugha ndiyo iliyotikisa serikali! Mwandishi amefungwa kwa sababu, pamoja na mengine, alikiacha Kiingereza, halafu mtahiniwa anampongeza kwa wepesi wa Kiingereza chake. Tafsiri ya Kiswahili, *Nitaolewa Nikipenda*, ipo tangu 1982. Kuzilaza tafsiri mbili mezani na kuuliza ipi inacheka zaidi kungekuwa kazi ya kipindi kimoja tu, na wanafunzi wa HKL wangewazidi hata walimu wao.

Msinijibu kwamba upande wa Kiswahili tulikuwa salama. Fani na maudhui ni nondo zile zile zilizovaa kanzu. Tofauti ni kwamba kwenye Kiswahili mwanafunzi anaweza kukataa moyoni, kwa sababu lugha anaijua, akisoma sentensi ya kinafiki anaisikia. Kwenye Kiingereza wengi wetu hatukuwa na sikio hilo bado. Tulipewa hukumu kabla ya kupewa masikio, na hukumu inaning'inia akilini miaka.

Kwa nini nawapigia kelele ninyi? Kwa sababu naziona athari humu. Mhariri atanisamehe. Hadithi nyingi zinazoletwa na vijana zimeandikwa kama majibu ya swali ambalo halijaulizwa. Ukurasa wa kwanza unajua thimu: ukimwi, rushwa, nafasi ya mwanamke. Mheshimiwa ni mnene na mbaya, kijana ni mwembamba na mwema, na mwishoni mwandishi anafanikiwa. Hakuna Odili anayeazima fedha za chama. Hakuna mtu anayefanya jema kwa sababu mbaya. Mwandishi ameishajisahihishia pepa na kujipa alama.

Nikiulizwa darasa lile lingedai nini, nitasema mahitaji yake ni madogo kuliko hayo ya sasa hivi ninayoyalalamikia. Kitabu kimoja badala ya viwili, kwa muhula mzima, na kisomwe kwa sauti darasani kama nakala hazitoshi. Sauti haihitaji fedha za kigeni. Mwanafunzi aruhusiwe kuandika kwamba mwandishi kafeli mahali fulani, mradi aonyeshe ukurasa. Na maswali yawe yale ambayo kijitabu cha barabarani hakiwezi kuyawahi.

Kwa mfano, ningeuliza juu ya Oyo, mke wa yule mtu. Mwanzoni anamdharau mumewe kwa kutokula rushwa, anamfananisha na ndege anayechukia kinyesi lakini anakula funza waliomo humo. Siku ya mapinduzi Koomson anakuja kujificha nyumbani kwao, ananuka vibaya mno kwa hofu, na Oyo anamwambia mumewe kwamba anafurahi hakuwa kama yule. Sasa: ni dhamiri yake iliyobadilika, au ni pua? Ukurasa mmoja na nusu, vitabu vifunguliwe.