Saa Mbili Baada ya Sindano

Mgonjwa ambaye moyo wake umeshindwa kusukuma damu vizuri akifikishwa wodini anahema, miguu imejaa maji, dawa atakayodungwa inajulikana hata na wanafunzi: furosemaidi, ambayo wengi huiita Lasix. Umahiri uko kwenye kiasi, na kwenye kufuatilia.

Daktari ninayemsifu huanza kwa kuuliza: nyumbani ulikuwa unameza ngapi kwa siku? Figo iliyoizoea dawa haishtuliwi na dozi ndogo. Kidonge chenyewe, kwa wastani, nusu yake tu ndiyo hufika kwenye damu, na utumbo uliovimba hukinyonya kwa kusuasua. Kwa hiyo dawa hupitishwa mshipani, kwa kiasi kisichopungua kile cha nyumbani. Ina kizingiti chake. Kudunga dozi dhaifu mara nne ni kubisha hodi kwa ncha ya kidole.

Kisha, saa mbili baadaye, huagiza mkojo kidogo upimwe sodiamu. Ikiwa chini ya milimoli 50 hadi 70 kwa lita, dozi inayofuata anaiongeza maradufu siku hiyohiyo, hasubiri raundi ya kesho. Mwaka 2023 madaktari wa Groningen, Uholanzi, waliijaribu njia hii kwa wagonjwa 310: chumvi ilitoka zaidi katika saa 24 za kwanza, ingawa vifo na kulazwa tena havikupungua. Na ule ubishi wa kama dawa ipitishwe kwa dripu mfululizo au kwa sindano za vipindi? Utafiti wa DOSE wa mwaka 2011 haukuona tofauti ya maana.

Pasipo kipimo cha sodiamu, zipo chupa ya mkojo na mizani. Katika saa sita za kwanza, mkojo usiofika mililita 100 kwa saa ni jibu tosha kwamba dozi haitoshi. Kila asubuhi mgonjwa hupimwa uzito kwa mizani ileile, akishakojoa, kabla ya chai. Daktari hubonyeza muundi kwa kidole gumba, akaangalia shimo linachukua muda gani kujaa. Humlaza ameinuka nusu, akautazama mshipa wa shingo. Kreatinini, kipimo cha kazi ya figo, ikipanda kidogo, mwoga husitisha dawa. Yeye huuliza kwanza kama maji yanapungua, huku akiichunga potasiamu.

Nawe unayeuguza, usimwage mkojo wa mgonjwa wako kabla muuguzi hajaupima.