Ibn Battuta Kisiwani Kilwa: Mgeni Aliona Nini?

Sisi wa Kilosa na Mikumi twawajua vema wageni wapitao. Barabara kuu itokayo Morogoro kwenda Iringa yapita katikati ya mbuga ya Mikumi, iliyofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1964. Msafiri huona tembo na nyati akiwa garini, kisha huenda kwao akaandika habari za Mikumi. Hasemi uongo, walakini mkata mkonge wa Kimamba hayumo katika habari zake. Kwa kuwa twayajua hayo, twafaa kumpima msafiri mmoja mashuhuri aliyeandika habari za pwani yetu.

Msafiri huyo ni Ibn Battuta, mtu wa Tangier katika nchi ya Moroko, aliyezaliwa mwaka 1304. Alifika Kilwa mwaka 1331. Leo Kilwa Kisiwani ni mahali padogo penye utulivu. Mtu huvuka kwa chombo kutoka Kilwa Masoko, akatembea kati ya mibuyu na magofu. Lakini zamani zile palikuwa mji mkubwa, uliotajirika kwa dhahabu ya Sofala.

Habari zake za Kilwa ni fupi, nazo zina sifa njema. Ataja watu wa mji, chale za nyuso zao na madhehebu yao ya Shafii. Atwambia kwamba Sofala ni mwendo wa nusu mwezi, na mara hiyo akiri kwamba aliambiwa hayo na mfanyi biashara. Mwandishi atenganishaye alichoona na alichosikia astahili kusadikiwa.

Hata hivyo kuna kasoro. Twasoma kwamba mji ulijengwa vizuri, na kwamba majengo yake yote yalikuwa ya mbao. Basi mtu akisimama leo katika Msikiti Mkuu ataona mawe ya matumbawe na chokaa, na sehemu yake ya kale ilikuwako kabla ya mgeni huyo kuja. Tena hasemi neno juu ya Husuni Kubwa, jumba la vyumba zaidi ya mia lililo juu ya genge la bahari, lenye birika la pembe nane, ambalo wataalamu wasema lilijengwa na Sultani yule yule aliyempokea. Lakini tukumbuke kwamba kitabu kiliandikwa mwaka 1355 huko Fez, naye Ibn Juzayy ndiye aliyekiandika kwa kusimuliwa. Miaka 24 yatosha kugeuza jiwe kuwa mti. Kosa hilo twaweza kulisamehe.

Liko jambo jingine zito zaidi. Sultani Hasan bin Sulaiman asifiwa sana kwa ukarimu. Siku moja ya Ijumaa, alipokuwa akitoka msikitini, fukara wa Yemen alimwomba nguo alizovaa, naye akampa. Mwana wa Sultani akazikomboa kwa watumwa kumi. Sultani aliposikia jinsi watu walivyomshukuru, akaamuru fukara apewe watumwa kumi tena, na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Hapo msimulizi afurahi, akaendelea na safari yake.

Watumwa ishirini! Hawana jina, wala kwao hakutajwi. Na kitabu hicho hicho chasema kwamba Sultani alikuwa akishambulia mara nyingi nchi za Zanji na kuteka nyara. Basi jibu limo kitabuni, ila mwandishi hakuyaunganisha maneno hayo mawili. Yatupasa sisi wasomaji kuyaunganisha. Sisi wa Usagara, ambako misafara ya karne ya 19 ilipita na pembe na watumwa kushuka Bagamoyo, hatuwezi kuisoma hesabu hiyo kwa haraka.

Pengine mtu atasema kwamba si haki kumhukumu mtu wa kale kwa mawazo ya leo. Ni kweli. Lakini hatumhukumu mtu, twapima habari. Na habari imsifuyo mtoaji bila kumtazama mtu aliyetolewa ni nusu ya habari.

Je, kitabu hiki tuwanyime wanafunzi? Hasha. Wakisome, maana ni nadra kumpata shahidi aliyeiona Kilwa ilipokuwa hai. Ila mwalimu awafundishe kuuliza maswali mawili: Mgeni huyu alionyeshwa na nani? Na nani hakuulizwa neno? Maswali hayo yatawafaa hata kwa habari za Mikumi ziandikwazo leo.

Wazee husema, Mgeni njoo, mwenyeji apone. Kilwa alikuja fukara mgeni, akapona yeye. Na wenyeji ishirini wa nchi hii wakaondoka kwa ajili yake.