Bungo, Mnanaa na Mapovu

Joto la kaskazi linaposhika pwani, kati ya Desemba na Machi, koo hutaka kitu kikali, baridi na chenye kuchomachoma. Soda ya dukani hutimiza haja hiyo kwa dakika chache. Ninayemsifu hapa ni yule anayetengeneza chake nyumbani: juisi ya bungo, shira ya mnanaa, na maji ya soda juu yake.

Mbungo hutambaa juu ya miti mingine huko Unguja, Pemba na mwambao wa bara. Tunda lake lina ganda gumu, na ndani yake mna mbegu zilizovikwa nyama ya rangi ya chungwa, yenye ladha kama embe, nanasi na ndimu zilizokutana mahali pamoja. Anayejua kazi hazitii mbegu hizo kwenye blenda. Huziloweka, akazifikicha kwa mkono mpaka nyama iachie, kisha akachuja. Mbegu ikisagika, juisi huingia uchungu usioondoka kwa sukari.

Halafu huchuja tena, safari hii kwa kitambaa. Uchujaji huu wa pili ndio unaonivutia kuliko yote, maana haufanywi kwa ajili ya ulimi. Unafanywa kwa ajili ya gesi. Gesi ya maji ya soda imeingizwa kwa kushindiliwa. Chupa ikifunguliwa hutafuta pa kutokea, na hupapata penye mkwaruzo wowote: uzi wa nyama ya tunda, chembe ya sukari. Mwaga kijiko cha sukari kavu katika glasi ya maji ya soda uone. Povu litafura hadi ukingoni, na likishatulia maji yamepooza. Ndiyo sababu sukari hupikwa kwanza ikawa shira, tena shira iliyozidi utamu kidogo, kwa kuwa baridi hufifisha utamu na gesi yenyewe huongeza ukali.

Mnanaa nao una adabu yake. Mafuta yake yenye harufu yamekaa juu juu ya jani, kwa hiyo hauhitaji kinu. Yapige majani kofi moja kati ya viganja, uyatumbukize katika shira iliyokwisha epuliwa, funika, kisha uyatoe kabla hayajasinyaa. Ukiyaponda utapata ladha ya nyasi. Mnanaa haupozi kinywaji hata kidogo. Huamsha mishipa ileile ya fahamu inayohisi baridi, na ulimi ukaamini. Bungo likiadimika, ukwaju na mchaichai huelewana vizuri vilevile, ila mchaichai lazima uchemshwe.

Gesi ya maji ya soda si ngeni kwetu: ndiyo inayotokota katika tembo la mnazi. Joseph Priestley, kasisi wa Kiingereza, aliikuta mwaka 1767 juu ya mapipa ya kiwanda cha bia huko Leeds, akayaachia maji yainywe, na mwaka 1772 akachapisha namna ya kuyatengeneza. Kwa sisi wa nchi za joto kuna jambo moja la kushika katika elimu hiyo. Maji ya nyuzi 0 hubeba gesi karibu mara mbili ya maji ya nyuzi 20. Basi juisi, shira, chupa na hata glasi zenyewe vyote vilale kwenye friji. Barafu peke yake haitoshi.

Mengine ni mkono mwepesi. Shira na juisi hutangulia, kisha barafu, na maji ya soda huja mwisho, yakiteremka polepole ubavuni mwa glasi. Koroga mara moja tu, kutoka chini kwenda juu. Kijiti cha mnanaa kisimame upande wa kunywea, karibu na pua. Kinywaji hiki hakisubiri mtu: kikikaa mezani, gesi imekwenda, barafu imeyeyuka, na iliyobaki ni juisi iliyozimuliwa. Kwa hiyo mwandaaji hodari huwaita watu kwanza, wakaketi, ndipo akafungua chupa.